Ilisimama Pale Ilipoachwa

Huku kwenye chai gari husimama zaidi kuliko linavyokwenda. Linatoka kiwandani tupu, linafika kituo cha kwanza, karani anapima, magunia yanapakiwa, linasogea kidogo, linasimama tena. Na vituo vilivyo tambarare ni vya kutafuta. Toka Litein uelekee Mogogosiek, shuka bondeni, vuka mto, panda ng'ambo, shuka tena: barabara yote ni bega la kilima, na vituo vimening'inia pale pale wakulima walipoweza kufikisha majani kwa mgongo. Ndiyo maana wazee wenzangu wakikaa kuyasifu magari ya zamani, injini zilivyonguruma na chesisi zilivyokuwa nene, mimi hungoja wafike kwenye handbreki. Huwa hawafiki.

Marehemu baba alikuwa dereva wa jeshi. Alishika usukani siku za mwisho za King's African Rifles, akaendelea katika Jeshi la Kenya baada ya uhuru wa 1963, na alipostaafu akaenda mnadani Nakuru akarudi na Land Rover 109 ya jeshi, ile ndefu yenye turubai nyuma. Ilikuwa Series IIA, ya kabla ya 1971, rangi ya kijani imepauka, viti vya mbele vimechanika, na kwenye mlango bado ungeweza kusoma namba ya kikosi chini ya rangi mpya iliyopakwa kwa haraka. Kijijini iliitwa Landi tu, kana kwamba duniani hakukuwa na nyingine.

Kazi iliyofanywa na ile gari sijui kama lori la leo lingeiweza. Ilibeba majani kutoka mashamba ya mbali hadi kituoni. Ilibeba kuni za mkaratusi, mahindi, mabati ya shule, wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Tenwek usiku, na maiti za kurudishwa nyumbani. Mvua za Aprili zilipofanya barabara kuwa ugali, malori ya KTDA, shirika la chai, yalikwama na majani juu, na majani mabichi yakilaliana kwenye gunia hupata joto na kuharibika kabla ya kuona kiwanda. Watu walimjia baba hata saa tatu usiku. Alikwenda. Lori lilifungwa mnyororo, Landi ikaingizwa gia ya chini, na lori likatoka. Halafu, juu ya mlima, katika tope lile lile, Landi ilisimamishwa ili mnyororo ufunguliwe, watu wakiwa mbele yake na nyuma yake. Ilisimama. Sikuwahi kuiona ikiteleza hata shubiri moja pale ilipoachwa.

Nilidhani ni ubora wa chuma. Wengi walidhani hivyo: gari la jeshi, la Mwingereza, halina mchezo. Siku hizi najua kwamba handbreki ile kwa asili yake ilikuwa kitu dhaifu chenye akili nyingi, na kwamba ingemwangusha mtu yeyote aliyeisahau kwa mwezi mmoja.

Haikushika magurudumu. Ilishika propela, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Nyuma ya giaboksi, pale propela inayokwenda nyuma inapoanzia, palikuwa na dramu moja ya inchi 9, na ndani yake breki shuu mbili. Dereva akivuta mkono, fimbo za chuma zilizopita chini ya sakafu zilisukuma zile shuu zikabana dramu, na propela ikakataa kuzunguka. Propela ikikataa, difu inakataa, na magurudumu ya nyuma yanakataa. Ujanja wake uko kwenye difu. Katika Landi ile propela ilizunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo breki ndogo iliyowekwa pale ilipata nguvu mara 4.7 ya ile ambayo ingepata gurudumuni. Hesabu yake yafaa kufanywa. Gari lenye mzigo, tani 2.4, likiegeshwa kwenye mteremko wa moja kwa sita, ambao kwetu ni mteremko wa kawaida kabisa, linavutwa chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 400. Zile kilo 400 zinashikwa na dramu moja ambayo mtoto anaweza kuibeba.

Sasa angalia ubaya wake. Dramu ile imekaa mgongoni mwa giaboksi, na kati yake na oili nzito ya gia kuna sili moja tu ya mpira. Sili ikichoka, oili inadondoka moja kwa moja ndani ya dramu. Dereva haoni kitu. Mkono unavutika vilevile, unalia meno yake vilevile, na gari linashika vizuri kwenye uwanja wa tambarare pale dukani. Linangoja siku ya kilima.

Fundi wetu alikuwa na kibanda Litein, chini ya mti wa msonobari, na hakuwa na mashine hata moja ya umeme. Alipoletewa Landi alitandika gunia, akalala chali, akapitisha kidole chini ya ukingo wa dramu, akakinusa. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, na maji ya breki yana harufu nyingine kabisa. Kwa pua tu alijua kama shida ni sili ya giaboksi au kitu kingine. Kisha alishika propela kwa mikono miwili akaitikisa, akasikiliza. Kisha akamwambia baba avute mkono taratibu, jino moja moja, na yeye akitazama fimbo chini ni ipi inayosogea na ni ipi inayochelewa.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba handbreki nyingi zinazosemwa zimekwisha, laini za shuu zake bado ni nzima. Kilichokwisha ni pini. Kila fimbo imeungwa na nyingine kwa pini, na kila pini inakula tundu lake hadi linakuwa yai. Pini tano zilizolegea kidogo kidogo zinakula nusu ya mvuto wa mkono kabla shuu hazijaguswa. Mtu asiyejua anakaza breki kule kwenye dramu, inashika wiki moja, inalegea tena. Fundi wetu alianzia juu. Aliyajaza matundu kwa welding pale kwa jirani mwenye jenereta, akayatoboa upya, akaweka pini mpya zilizochongwa kwa bolti ngumu. Dramu aliigusa mwisho.

Na alipoigusa, aliigusa kwa adabu. Shuu zilizolowa oili alizitupa. Walikuwapo mafundi waliozimwagia petroli na kuziwasha moto ili oili iungue, wakazirudisha zikiwa kavu kwa macho. Zikipata joto oili iliyojificha ndani hutoka tena. Baba aliwahi kumwuliza kama hiyo isingepunguza gharama. Fundi akamjibu, "Mzee, hii ni gari yako, lakini chini ya kilima ni watoto wangu." Akaenda Kericho kwa matatu kutafuta laini mpya, akazipiga riveti kwa mkono, moja moja, akianzia katikati kwenda pembeni ili laini isivimbe.

Sili nayo alikuwa na dawa yake. Sili mpya ikiwekwa mahali pa ya zamani huvuja upesi, kwa sababu mdomo wa mpira umeshachimba mfereji kwenye chuma kinachozunguka. Aliigonga ikaingia ndani zaidi kwa unene wa kucha, mdomo ukakaa kwenye chuma kipya. Hakuna kitabu alimosoma hilo. Kisha skrubu ya kurekebishia, ile yenye kichwa cha pembe nne: aliikaza hadi dramu ikagoma kabisa, akairudisha ikalia tik, tik, akaacha hapo.

Maboresho yao, baba na fundi, hayakuwa ya kutisha. Walichomelea nipo ya grisi kwenye egemeo ambalo mtengenezaji aliliacha likavu. Walikata tyubu ya gurudumu wakaifanya aproni ya kuzuia tope lisigande kwenye fimbo, maana tope la kwetu likikauka ni sawa na matofali, na breki iliyovutwa usiku inaweza kukataa kuachia asubuhi. Na walichonga kabari mbili za mti mgumu, zenye mnyororo na kishikio, zikaning'inizwa ubavuni mwa bodi. Kabari hizo zilikuwa kazi yangu. Gari likisimama tu nilikuwa nimeshuka, moja nyuma ya gurudumu la kushoto, moja la kulia, nazipiga teke la kuzikaza, ndipo baba aachie breki ya mguu.

Nisiyapambe yote ya zamani. Laini za wakati ule zilikuwa na asbesto, na fundi wetu alilipuliza vumbi lake kwa mdomo, uso wake sentimita chache juu ya dramu, halafu akajipangusa kwa mkono. Tulisimama pale sisi watoto tukilivuta pamoja naye. Vumbi hilo limewaharibu mapafu mafundi wengi duniani, na mafundi wa vibanda vyetu hakuna aliyewahesabu.

Kilichoifanya Landi isimame ni desturi ambayo baba alitoka nayo jeshini. Dereva wa jeshi alikagua gari mara tatu: asubuhi kabla ya kuondoka, njiani kila liliposimama, na jioni baada ya kazi. Baba aliendelea hivyo maisha yake yote, na gari lilikuwa lake mwenyewe, hakuna sajini wa kumwuliza. Asubuhi aliinama kutazama chini ya dramu kama kuna tone. Alivuta mkono akihesabu meno. Yakizidi yale aliyozoea, hatukuondoka mpaka ijulikane kwa nini. Njiani, tukisimama, aliweka kiganja chake karibu na dramu bila kuigusa. Ikiwa ya moto wakati haikutumika, basi shuu zinaburuza. Jioni aliiegesha kwenye kile kimteremko cha nyumbani, akavuta handbreki, akatoa gia, akakaa kitini ametulia, mguu hewani juu ya pedali. Alikuwa akiipima. Mama alikuwa akituma mtoto kumwita chakula, na jibu lilikuwa lile lile: "Ngoja kwanza isimame."

Alitufundisha pia kitu ambacho hadi leo nikikisema watu huniona naleta hadithi. Pancha ya gurudumu la nyuma, mlimani. Umevuta handbreki, inashika sawasawa, unaweka jeki, unainua gurudumu moja. Gari linaanza kuondoka. Handbreki imeshika propela, ndiyo, lakini difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke kinyume huku lile lililo chini likienda na mteremko. Propela haijasogea hata nywele moja, na gari limekwenda. Katika Landi dawa ilikuwa kubonyeza kile kifundo cha manjano, au kuvuta ule mkono mwekundu, ili magurudumu ya mbele yaunganishwe na ya nyuma. Hapo propela zote mbili zinashikana na ile dramu moja inashika gari zima. Halafu kabari. Nilikuwa mdogo lakini nilijua rangi zile na maana yake kabla sijajua kuendesha.

Hali kadhalika hafu shafti. Landi zile zilisifika kwa kukata hafu shafti za nyuma, zile zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni, na mtu mwenye papara aliyevuta handbreki gari likiwa mwendoni alijitafutia kukata nyingine, kwa sababu ile nguvu ya mara 4.7 yote ilizipiga kwa mkupuo. Ikikatika moja, handbreki nayo imekufa. Mkono utavutika, dramu itashika, difu itazunguka bure.

Baba alifariki, Landi ikauzwa, ikapita mikono. Malori ya Bedford yaliyojaa barabara zetu yalitoweka taratibu. Kiwanda cha General Motors cha Nairobi kilichoyaunganisha kikabaki na Isuzu, na mwaka 2017 kikabadili jina kuwa Isuzu East Africa. Barabara nyingi za chai zimetiwa lami. Siwezi kusema ni hasara. Mama mjamzito wa Konoin leo hafi kwa sababu ya tope kama walivyokufa wale tuliochelewa kuwafikia.

Malori makubwa ya sasa yana breki za upepo, na handbreki yake ni springi kubwa iliyofungiwa kwenye chemba kando ya ekseli. Upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi inafunguka yenyewe na breki inashika. Ni wazo zuri sana. Laiti baba angeliona. Lori likipoteza upepo halikimbii, linasimama. Lakini nimewaona mafundi kando ya barabara, diaframu imepasuka na hakuna ya kununua karibu, wakichukua bolti ndefu wakaikaza springi irudi ndani ili lori liweze kusogea. Hiyo ni njia halali ya kulivuta lori hadi gereji. Shida ni kwamba lori likishasogea, mwenye mali anaona linasogea. Linapakiwa. Linafanya kazi na bolti zake ndani, na ule mkono mzuri wa plastiki kwenye dashibodi hauna unachokiamuru.

Tarehe 30 Juni 2023, jioni ya Ijumaa, lori la kontena liliacha barabara pale Londiani Junction likaingia katikati ya matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wakiuza kando ya lami. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lile lilikuwa lori la mwendoni, na silileti hapa ili nilifunge na handbreki ya mtu. Nalileta kwa sababu wiki zile kila mtu Kericho alizungumzia breki. Hotelini, kanisani, kwenye mabaraza. Nilifikiri sasa tutarudi kuinama chini ya magari asubuhi. Miezi ikapita, maneno yakapoa, na wachuuzi wakaonekana tena kando ya barabara nyingine za mteremko, kwa maana lazima wale.

Mwanawe dada yangu anaendesha Isuzu NQR ya mkandarasi, anasomba majani. Ni kijana mzuri, hanywi, ana leseni zake zote. Nilimkuta kituoni lori limeegeshwa na pua ikitazama bondeni, taniboi akiburuta jiwe kuliweka chini ya gurudumu. Nikamwuliza handbreki iko wapi.

"Mjomba, hizi haziaminiki. Naingiza gia, jiwe linaingia, tunapima chai."

Nikamwomba ruhusa nikainama. Magoti yangu si ya zamani, lakini niliona. Nyuma ya giaboksi, pale propela inapoanzia, dramu. Moja. Ile ile. Wajapani walifanya hesabu ile ile waliyofanya Waingereza, wakaiweka pale pale, na lori analoliona yeye la kisasa linasimama kwa njia ile ile iliyosimamisha Landi ya babu yake. Ukingo wa chini wa dramu ulikuwa umelowa, vumbi limegandamana nao jeusi. Nilipitisha kidole nikanusa. Kiberiti.

Nilimwonyesha. Alishangaa kwa dhati. Alikuwa amelipeleka lori hilo gereji zaidi ya mara moja na kila mara mkono ulikazwa waya, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna sili, na kwamba sili ndiyo inayolowesha shuu, na kwamba waya ukikazwa mpaka ukatike shuu zilizolowa hazitashika kitu. Nikamweleza habari ya jeki, na kwamba lori lake halina kifundo cha manjano cha kubonyeza, kwa hiyo yeye bila kabari mbili zilizochongwa asithubutu kuinua gurudumu la nyuma mlimani hata kama handbreki ingekuwa mpya. Alinyamaza. Taniboi wake, mtoto wa juzi juzi, akauliza kwa nini gurudumu lizunguke kinyume, nikachora difu mavumbini kwa kijiti, na karani akasogea kutazama, na akina mama wawili waliokuwa wakisubiri mizani wakasogea pia.

Kilichoniuma ni hiki. Baba alikuwa na gari moja, na aliinama chini yake kila asubuhi kwa sababu lilikuwa lake na desturi ilikuwa yake. Kijana huyu lori si lake. Akiinama akaona tone, hana mamlaka ya kusema leo hatutoki. Majani yamepangiwa saa, na dereva wa pili yuko tayari nje ya lango. Jeshi lilimpa baba kitu ambacho mkandarasi hampi mpwa wangu: haki ya kulizuia gari lisitoke. Sikulifikiria hilo miaka yote niliyomkumbuka akiwa kitini jioni, mguu hewani.

Alimpigia tajiri simu pale pale, nami nikisikia. Aliongea kwa heshima, akataja sili, akataja shuu, akataja mlima. Tajiri hakukataa. Amesema vipuri vitanunuliwa mwisho wa mwezi. Kabari nimemchongea mwenyewe, mkaratusi mkavu, nikazifunga mnyororo, na taniboi amejifunza kuzipiga teke. Leo ni tarehe 8, mvua imeshaanza, na lori linapanda Kapkatet asubuhi na jioni.